Vifo vya Scutari havikukoma kwa kuwasili kwa muuguzi mmoja

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unadai kwamba Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, yule Mwingereza aliyepita wodini usiku na taa, alikomesha vifo mara tu alipofika hospitali ya kijeshi ya Waingereza huko Scutari (leo sehemu ya Istanbul, Uturuki) mnamo Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea. Sivyo. Vifo viliongezeka hadi Februari 1855, vikapungua sana baada ya tume ya usafi iliyofika Machi kuzibua mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa wodini. Michoro aliyoichapisha mwenyewe mwaka 1858 inaonyesha vifo vya jeshi vikipanda baada ya kuwasili kwake. Magazeti yalimsifu kabla ya takwimu kukusanywa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo, kwani unaficha mchango wake mkubwa zaidi: kuzitumia takwimu hizo kudai usafi, na kuanzisha shule ya wauguzi London mwaka 1860.