Mti Gani Upandwe Katikati ya Barabara?

Mti mkongwe unapoanguka kwa dhoruba ya masika, au miti inapokatwa ili barabara ipanuliwe, wananchi na viongozi wa mitaa hutuuliza kwanza jina la mti wa kupandwa mahali pake. Swali hilo ni jema, lakini kuna mambo yanayopaswa kulitangulia: upana wa ukanda wa katikati ya barabara, hali ya udongo wake, na nyaya na mabomba yanayopita juu na chini yake. Mti utakaosimama hapo kwa miaka 40 hauwezi kuchaguliwa kwa uzuri wa mche ulioko kitaluni.

Tuchukue Dar es Salaam. Jiji hili hupata mvua inayozidi kidogo milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake wakati wa masika na vuli, na kati ya Juni na Septemba mche wa barabarani hautegemei kitu kingine isipokuwa boza la maji. Upepo wa bahari huleta chumvi, hasa katika barabara zilizo karibu na ufukwe. Lakini kinachoua miche mingi zaidi, kwa maoni yangu, ni udongo. Ukichimba katikati ya barabara iliyojengwa karibuni utakuta tabaka jembamba la udongo mwekundu uliomwagwa ili papendeze, na chini yake, pengine sentimita 30 tu, moramu iliyoshindiliwa kwa mashine, vipande vya zege, na mara nyingine mfuko wa saruji uliogeuka jiwe. Jembe likifika hapo hudunda. Mzizi nao ukifika hapo hugeukia pembeni, hutambaa juujuu, na baada ya miaka kadhaa huinua mawe ya ukingo na kupasua lami, huku mti wenyewe ukiwa haujashika ardhi. Kwa hiyo tunashauri shimo la majaribio la kina cha sentimita 60 lijazwe maji jioni. Ikiwa asubuhi maji bado yamesimama, kifusi kivunjwe na udongo ubadilishwe kabla ya kununua hata mche mmoja.

Upana nao una sheria zake. Ukanda usiofika mita 1.5 haufai mti. Upandwe maua na vichaka vifupi, na miti ihamishiwe kando ya barabara ambako watembea kwa miguu wanahitaji kivuli zaidi. Karibu na makutano na vivuko vya waenda kwa miguu, hata ukanda mpana uachwe wazi, ili dereva amwone mtoto anayetaka kuvuka. Vilevile wahandisi wa barabara huhesabu shina linalozidi unene wa sentimita 10 kuwa kizuizi cha hatari kwa gari linaloacha njia kwa kasi, na kwa sababu hiyo barabara za mwendo mkubwa zinahitaji uangalifu kuliko za katikati ya mji.

Baada ya vipimo hivyo ndipo tutaje majina. Mkrismasi, uliotoka Madagaska na unaotupa maua mekundu mwishoni mwa mwaka, hupendwa na kila mtu, nami naupenda. Hata hivyo matawi yake hukatika kwa urahisi na mizizi yake minene hukaa juu ya ardhi, kwa hiyo ni mti wa bustani na viwanja vikubwa. Mkungu huvumilia chumvi vizuri, lakini majani yake mapana huziba mifereji. Mwembe usipandwe kabisa katikati ya magari, kwa maana msimu wa embe ukifika watoto watazifuata. Mwashoki hutosha mahali pembamba, ingawa kivuli chake ni kidogo sana, na anayepanda miashoki kumi badala ya mkwaju mmoja uliokatwa hajarudisha kivuli kilichopotea.

Palipo na ukanda wa mita 4 au zaidi, na udongo wa kina, mkwaju ndio ninaoutetea. Hukua polepole, jambo linalowachosha wanaotaka matokeo ya haraka, lakini mbao zake ni ngumu, mzizi wake mkuu huzama chini, na ni mti unaosifika kwa kustahimili upepo. Kasoro yake ni matunda, na kwa hiyo usiwekwe karibu na shule. Mwarobaini nao hustahimili ukame na udongo hafifu, ila usiachwe ukatawala jiji zima. Miaka ya 1980 wadudu gamba waliishambulia miarobaini katika bonde la Ziwa Chad, na mahali palipokuwa na mti huo tu hapakuwa na mwingine wa kubaki na kivuli. Mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kwamba aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, na kipimo hicho kingefaa kuandikwa katika mipango yetu ya upandaji.

Mche wenyewe ukaguliwe. Mche uliokaa muda mrefu ndani ya kiriba huwa na mizizi iliyojizungusha kama kamba. Ukipandwa hivyo, mizizi hiyo huendelea kujikaza hadi mti ukakosa nguvu au ukang'oka kwa upepo. Chana kiriba cha miche michache mbele ya muuzaji, nawe ukatae shehena nzima ukikuta mizizi imejikunja. Chagua miche yenye shina moja lililonyooka, ili matawi ya chini yaweze kupogolewa taratibu mpaka malori yapite bila kuyagusa.

Upandaji ufanyike mvua za masika zinapoanza kushika, na mkataba wa mkandarasi utaje umwagiliaji wa viangazi viwili, huku sehemu ya malipo ikizuiliwa mpaka ihesabiwe miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili.