Je, Loch Ness haina kitako?

Wengi wanaamini kwamba Loch Ness, ziwa la Uskoti lenye hadithi ya dubwana, halina kitako, na kwamba handaki la chini kwa chini huliunganisha na bahari.

Kitako kipo. Kina kikubwa zaidi ni takriban mita 230. Mashua kadhaa za watalii zina kipimakina cha sauti. Kaeni karibu na skrini na watoto watauona mstari wa chini, tambarare kwa sehemu kubwa.

Kuhusu handaki, fungua ramani yenye miinuko: uso wa ziwa uko kama mita 16 juu ya usawa wa bahari. Tundu la kupitisha dubwana lingeyashusha maji hadi usawa huo. Maji hayo hutiririka kwenda baharini kupitia mto Ness, unaopita mji wa Inverness.

Imani hii inaeleweka, maana maji yenyewe ni meusi. Yachote kwenye glasi: yana rangi ya chai hafifu, kwa sababu ya mboji iliyosombwa kutoka vilimani. Mita chache tu chini, giza.

Magofu ya ngome ya Urquhart, pale ukingoni, nayo si kazi ya uzee peke yake. Askari waliokuwa wakiihama waliilipua mwaka 1692. Mapande ya lango bado yamelala hapo.