Asidi ya tumbo na damu ya mtoto

Mtoto akipungukiwa damu, mengi husemwa. "Hali chakula vizuri, ndiyo maana damu imepungua." Chakula kina sehemu yake. Lakini kwa mtoto ambaye asidi humpanda kooni kila mara, tuulize pia: je, kuna mahali damu inavuja? Asidi ikiunguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, siku baada ya siku, huweza kuuchubua, nao ukavuja damu kidogo kidogo. Mara nyingi huioni. Hushuka tumboni, huchanganyika na choo, na kipimo cha maabara ndicho huigundua. Kila tone huondoka na madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Ikija juu, utaona kwenye matapishi michirizi myekundu au chembechembe za kahawia kama mashapo ya kahawa. Hapo usingoje siku ya kliniki, mpeleke mtoto hospitali.

"Dawa ya asidi ndiyo inayomaliza damu, mwachishe." Dhana hii ni ngumu kung'oa kwa sababu ina chembe ya ukweli. Chuma cha maharage, nafaka na mboga huhitaji asidi ya tumbo kiyeyuke na kufyonzwa, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ikitumika muda mrefu huweza kupunguza ufyonzaji huo. Lakini kidonda kisichotibiwa nacho huendelea kuvuja. Usiikatishe mwenyewe. Muulize daktari kama bado inahitajika, na umwombe apime feritini, yaani akiba ya chuma, pamoja na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu. Akiba huisha kwanza; himoglobini hushuka baadaye.

"Maziwa mengi yatamtuliza tumbo na kumwongezea damu." Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na humshibisha mtoto akakataa chakula chenye chuma. Kabla ya mwaka 1 yasiwe kinywaji chake kikuu. Baada ya hapo, nusu lita kwa siku yatosha.

Kucheua peke yake si ugonjwa. Mtoto mchanga anayecheua huku ananyonya vizuri na uzito unapanda, kwa kawaida hahitaji dawa yoyote.

"Choo kimekuwa cheusi, dawa ya chuma inamdhuru." Dawa hiyo, anayopewa mtoto kurudisha chuma kilichopungua, hutia choo weusi, ni kawaida. Cha kuogopa ni choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hasa kama hajaanza dawa. Chupa yenyewe ifungie mbali na mikono yake, kwani chuma kikizidi huweza kuua mtoto.

"Amechangamka, dawa ya nini tena?" Uchangamfu hurudi mapema, akiba hujaa polepole. Hata himoglobini ikishakuwa sawa, dawa ya chuma kwa kawaida huendelea miezi 2 hadi 3.