Fuwele za protini: yanayosemwa mitaani na yanayojulikana maabara

Kongamano la Kristalografia la Afrika, yaani la sayansi ya kupiga fuwele eksirei ili kujua atomu zake zimepangwaje, lilianzia Dschang, Kamerun, mwaka 2016, likaenda Accra mwaka 2019 na kufika Nairobi mwaka 2023. Hata hivyo, wanaochunguza miundo ya protini wakitaja kazi yao bado hukutana na maneno yale yale. Linaloniuma zaidi ni hili: kwamba hii ni sayansi ya anasa, na bara linalohangaika na malaria halina muda wa kupiga fuwele eksirei.

Malaria yenyewe ina jibu. Wengi tunaijua SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa iliyoacha kuwa tiba ya kwanza baada ya vimelea kuwa sugu. Kiambato chake kimoja, pirimethamini, huziba kimeng'enya ambacho kimelea hukihitaji ili kitengeneze DNA. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand na wenzao walichapisha muundo wa kimeng'enya hicho, na kisa cha usugu kikaonekana wazi kwenye asidi amino ya 108 ya mnyororo (asidi amino ni vipande vinavyounganishwa kuunda protini). Kwa kimelea cha kawaida hapo pana serini, ambayo ni ndogo. Kwa kimelea sugu pana asparajini, iliyozidi ukubwa kidogo tu, lakini inatosha kugongana na pete ya dawa yenye klorini, na dawa haikai tena sawasawa. Kwa kujua hilo, wanakemia walibuni molekuli nyingine, P218, yenye kiungo kinachopinda na kuukwepa mgongano. Sioni anasa hapo.

Wengine husema: bila sinkrotroni, ile mitambo mikubwa inayotoa eksirei kali mno, mnajisumbua bure. Ni kweli Afrika haina hata moja, na hilo ni pengo la kuzibwa. Lakini mwale wa sinkrotroni huja mwishoni kabisa. Kabla yake kuna miezi ya kuzalisha protini, kuisafisha, kisha kuijaribu kwenye mamia ya matone madogo yenye chumvi na tindikali tofauti, ukichungulia kwa hadubini kama kuna chochote kilichoota. Fuwele ikipatikana, pengine haifikii hata sehemu ya kumi ya milimita. Unaichota kwa kitanzi chembamba cha nailoni na kuitumbukiza upesi kwenye naitrojeni ya kimiminika. Kutoka hapo inaweza kusafirishwa kwa ndege ndani ya chombo cha baridi hadi nchi nyingine, nawe ukaongoza vipimo kwa kompyuta ukiwa maabara kwako. Kinachohitajika zaidi ni mtu anayejua kuzichakata data zikirudi. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, saa za mafunzo ya vitendo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote kwenye makongamano ya kikanda.

Je, fuwele ya protini ni kikavu kigumu kama chumvi? Hapana. Kwa kawaida karibu nusu yake ni maji. Mwaka 1934 wanasayansi J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alijulikana kama Hodgkin, walipata alama safi za eksirei kutoka kwa fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kwa kuziacha ndani ya kimiminika zilimokulia. Zikikauka huharibika.

Dhana nzito zaidi, na hata wasomi huwanasa, ni kwamba ule muundo wa rangi rangi unaochapishwa ni picha ya protini. Eksirei hutoa madoa tu. Ukali wa kila doa unapimika, lakini awamu ya wimbi, yaani mahali vilele vyake vilipo, hupotea na lazima ipatikane kwa njia nyingine. Ndipo inapochorwa ramani ya msongamano wa elektroni, na mtafiti hupanga atomu ndani yake. Kwa hiyo muundo ni tafsiri, na tafsiri huweza kukosewa. Mwaka 2006 makala 3 za jarida la Science kuhusu protini za utando wa seli ziliondolewa, baada ya kubainika kuwa programu ya maabara ilikuwa imegeuza ishara katika data na kuupindua muundo wote. Kinga zipo: tangu 1992 watafiti hutenga sehemu ndogo ya data isiyoguswa wakati wa kujenga, ili muundo upimwe nayo. Lakini kinga ya pili ni macho ya wenzako. Mwanafunzi amesimama mbele ya bango lake, mtu anakuja na kuuliza: "Ramani yako ni ya angstromu 3, haya maji yote umeyaonaje?" Kwa ramani yenye ukungu kiasi hicho, molekuli za maji hazionekani kirahisi. Swali hilo moja laweza kuokoa makala. Anayedhani kongamano ni la kwenda kusikiliza maprofesa ameikosa sehemu yake bora.

Na sasa tunaambiwa akili mnemba imemaliza kazi. AlphaFold, programu inayotabiri muundo wa protini, inastahili sifa, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024 haikuwatunuku watu bure. Lakini ilijifunza kutokana na benki ya data ya protini, iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na miundo 7 tu, na kila muundo uliowekwa humo umetokana na vipimo vya maabara. Hata ubora wake ulithibitishwa kwa kulinganishwa na miundo ya maabara iliyokuwa haijachapishwa bado. Leo wanakristalografia wenyewe huitumia: muundo uliotabiriwa hutoa makadirio ya kwanza ya zile awamu zilizopotea, kisha data huamua ni wapi utabiri umekosea.