Afisa Mawasiliano wa Serikali Si Mshereheshaji

Nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi aliyekuja ofisini kutafuta nafasi ya mafunzo, kama ni kweli kwamba mwanamke huajiriwa katika mawasiliano ya serikali kwa sababu ya sura na sauti, ili asome mbele ya kamera yale aliyoandikiwa na wakubwa. Swali hili limenichosha, ingawa nakiri kwamba sisi wenyewe tunalichochea: hapa Nairobi, sherehe ya idara ikikaribia, anayeombwa kushika kipaza sauti ni afisa wa kike, huku mwenzake wa kiume wa ngazi ileile akiachiwa hotuba ya waziri.

Kupiga picha, kupitia magazeti ya asubuhi na kualika wanahabari ni mambo ya kujifunza kwa muda mfupi. Kazi yenyewe ni kupata habari kutoka kwa wenzako wasiotaka kuitoa. Mwanahabari akipiga simu saa kumi jioni kuuliza kwa nini mradi umesimama, jibu analo mhandisi, ambaye anamwogopa mkurugenzi, ambaye naye anamwogopa katibu wa wizara. Rasimu yangu hutoka mezani ikisema kwamba mkandarasi hajalipwa, nayo hurudi ikisema kwamba “mradi uko katika hatua mbalimbali za utekelezaji”, sentensi isiyo na uongo wala habari. Hapo ndipo ninapopanda ngazi kwenda kubishana.

Silaha yangu ni Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa mwananchi haki ya kupata habari, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka taasisi ya umma kumjibu mwananchi aliyeomba habari ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Afisa wa kutoa habari, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mtendaji mkuu mwenyewe, ijapokuwa anaweza kukasimu jukumu hilo. Mkubwa akiniambia “wajibu chochote tu”, humkumbusha kwa adabu kwamba sheria imemtaja yeye, si mimi.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuia habari zinazohatarisha usalama wa taifa au faragha ya mtu, na mara nyingine nashindwa kupambanua kama ninachoombwa kunyamazia ni siri halali au ni aibu tu, kwa sababu anayenyima faili ndiye anayelijua lililomo. Nikisisitiza kuliona naitwa jeuri. Mwenzangu wa kiume akisisitiza huitwa makini. Mwanafunzi yule nilimpa nafasi, na nimeanza kumfundisha kusoma bajeti na mikataba ya zabuni. Kamera itasubiri.