Kifafa hakiambukizi: majibu kwa maswali ya mitaani Tanga

Mtu akianguka kifafa na kutokwa povu, nikimgusa sitaambukizwa?

Hapana. Hakiambukizi kwa povu, kwa mkojo, wala kwa ushuzi wake kama wengi wanavyoamini. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Umeme mdogo unaoendesha ubongo ukivurugika ghafla, mwili hukakamaa na kutikisika, fahamu zikapotea. Povu ni mate tu ambayo mgonjwa hawezi kuyameza.

Nalisisitiza hili kwa sababu woga huu unaua. Wapo walioangukia mafigani wakaachwa waungue, watu wamesimama pembeni. Halafu husemwa kwamba aliyeungua moto hatibiki tena kifafa. Ni uongo. Kidonda kitibiwe, na dawa ya kifafa iendelee.

Basi nifanye nini?

Mtoe kwenye hatari: moto, maji, barabara. Mwekee khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kilichombana shingoni. Usimkandamize. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ulimi haumezeki, ila meno huvunjika na pumzi huziba. Mtikisiko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke.

Tazama saa. Mara nyingi hali hii hukoma yenyewe ndani ya dakika chache. Ikizidi dakika 5, ikijirudia kabla hajazinduka, au kama ni mjamzito, ameumia, au ndiyo mara yake ya kwanza, hospitali haraka.

Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa. Kaa naye. Kama amejikojolea, mfunike, na uwaombe watazamaji waondoke. Aibu ya kuamka katikati ya umati ndiyo inayowafungia wengi ndani ya nyumba zao, kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Nyumbani wanasema ni pepo. Tuanzie kwa mganga?

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika watawapa rufaa hadi Hospitali ya Bombo. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, kuumia kichwa kwa ajali ya bodaboda: yote haya huweza kuleta kifafa. Wengine chanzo chao hakijulikani, na hapo hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Mkitaka kumsomea dua, msomeeni, ila dawa asiache.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, imetumika tangu 1912. Kinachowaangusha wengi upya ni kuacha vidonge ghafla baada ya kuona wamepona.

Na Ramadhani?

Mgonjwa amwone daktari kabla mwezi haujaandama, ampangie saa za dawa au amshauri asifunge. Kuruka dozi na kukesha huamsha kifafa.

Kijana wangu ni mvuvi. Aache kazi?

Aache kwenda baharini peke yake, kupiga mbizi na kupanda minazi, mpaka daktari aridhike kwamba kimetulia. Lakini kushona nyavu, kuparua samaki na kuuza pale Deep Sea, soko la samaki, anaweza, mradi wenzake wajue la kufanya akianguka. Na kama mwenye kifafa ni mwanafunzi, mzazi amweleze mwalimu mapema, na deski lake lisitengwe.