QT kurefuka si mshtuko wa moyo

Anayetumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, akianguka ghafla, watu husema "kapata mshtuko wa moyo". Kama alikuwa anavuta na bangi, ndiyo imetoka hiyo: "bangi imemuua moyo". Mara nyingine kinachostahili kushukiwa ni QT kurefuka, na hilo ni jambo lingine.

QT ni kipande cha mchoro wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kinachoonyesha muda ambao vyumba vikubwa vya moyo hutumia kujikaza, kisha kurudi tayari kwa pigo linalofuata. Ikishafanyiwa hesabu ya kasi ya mapigo na bado ikazidi milisekunde 500, daktari hapati usingizi. Basi, maana yake ni hiyo.

Sasa tusichanganye mambo. Mshtuko wa moyo ni mshipa kuziba na msuli kukosa damu. QT ni habari ya umeme. Mishipa inaweza kuwa safi, presha nzuri, kifua hakiumi, halafu mapigo yakavurugika na mtu akazimia. Methadoni huziba vijia vinavyopitisha potasiamu kutoka kwenye seli za moyo, seli zikachelewa kutulia. Marekani imeibandika onyo zito kwa sababu hiyo tangu 2006. Buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huohuo, haina makali hayo.

Na bangi? Huupeleka moyo mbio, lakini mbio si QT kurefuka. Tena kanuni ya Bazett ya 1920, ile ya kurekebisha QT kulingana na kasi ya mapigo, ambayo mashine nyingi bado zinaitumia, hukuza namba moyo ukienda kasi, kwa hiyo mtu aliyetoka kuvuta anaweza kutishwa bure na karatasi ya ECG.

Hatari yenyewe hupita uchochoroni. CBD, kemikali mojawapo ya bangi, inaweza kupunguza kasi ya ini kuvunja methadoni, dozi ileile ikawa nzito zaidi kwenye damu. Wengine waliovuta miaka mingi hupatwa na kutapika kusikoisha. Potasiamu hushuka, kisha wanachomwa ondansetroni kuzuia matapishi, dawa ambayo nayo hurefusha QT. Hapo yamekutana matatu: methadoni, potasiamu iliyoshuka na ondansetroni.

Kwa hiyo ukiambiwa "bangi inarefusha QT", uliza kwa upole: kwa njia ipi? Na kama methadoni unaitumia wewe, usiiache kwa woga, maana kurudia heroini kunaua haraka zaidi. Mwambie daktari kwamba unavuta, na uombe ECG.